Leso ya Kwapani

Jina lake silitaji. Angejua nimemsimulia kwa watu angeniuliza, "Na mashallah umesema?" kisha angeninunia juma zima. Mtaa mzima wa Mtopanga ulimwita Mwalimu, na mgeni akiuliza mwalimu wa nini, wa chuo au wa skuli, aliambiwa, "Wa vyuma." Mgeni alicheka. Sisi tuliowahi kuingia kwenye ua wake hatukucheka.

Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, wa umri wa kuitwa nyanya, na alivaa dera na soksi nyeupe hata jua likiwa la kukaanga samaki. Kila siku baada ya alasiri alitundika leso nyekundu kwenye mlango wa ua. Leso ikiwa pale hakuna mwanamume aliyekanyaga, hata wa kuleta maji. Ndani tulikuwa sisi wanawake, tumejipanga ukutani, tunainua dambeli, vile vyuma vifupi vya kushika kwa mkono mmoja. Alikuwa na chache za chuma kweli. Zilizobaki alizitengeneza mwenyewe kwa makopo ya maziwa ya unga yaliyojazwa saruji, mawili mawili, katikati kipande cha paipu.

Alijifunzia wapi? Siku moja alisema hotelini, alikokuwa akifagia chumba cha mazoezi kabla hoteli haijafungwa. Siku nyingine alisema kwa marehemu mumewe. Nilipomuuliza ni lipi la kweli aliniambia, "Wewe wataka historia au wataka mkono?" Nikasema nataka mkono, na wallahi niliutaka kuliko kitu chochote duniani.

Mimi ni mtu wa wasiwasi, hilo niliseme mapema. Simu ikilia, kabla sijashika najiuliza ni nani kafa. Nikifunga mlango narudi kuutikisa. Basi fikiria mtu wa moyo huo, halafu mamake anapata kiharusi, upande mzima wa kulia unakufa, na kazi ya kumtoa kitandani kumweka kitini inakuwa yake peke yake. Mimi nina kimwili kidogo. Mamangu ni mtu wa mwili, mashallah. Asubuhi moja nilikuwa namteremsha kitini, mikono ikanilegea, akaniponyoka. Hakuvunjika kitu, alhamdulillahi, lakini alipiga kiuno kwenye ukingo wa kiti, akalia, na mimi nikakaa chini sakafuni nikalia naye.

Kakangu alikuja kutoka Malindi, akaliona jeraha la mama kiunoni, akavua kofia yake akajipangusa nayo uso. "Rukia," akasema, "huwezi. Si kosa lako, lakini huwezi. Nitamchukua akakae kwangu."

"Siendi," mamangu akasema kwa ule ulimi wake mzito.

Na mimi nilijua kwa nini. Tangu aolewe amekaa chumba kile kile, dirisha lake latazama njia, na kila apitaye humwamkia. Malindi nani angemwamkia? Angetazama ukuta wa mtu mwingine mpaka siku zake ziishe. Kakangu si mtu mbaya. Alifikiri, akasema, "Basi tungoje Idi. Nikija Idi nikaona bado wamwangusha, naondoka naye." Mwezi wa Ramadhani ulikuwa haujaandama bado. Tangu siku hiyo, nikisinzia tu, naona mikono yangu inafunguka.

Aliyenipeleka kwa Mwalimu ni Dama, jirani yangu, mama wa Kigiriama auzaye viazi karai kando ya barabara. "Twende dadangu," akaniambia. "Mimi mgongo ulikuwa umekwisha kabisa, na sasa waniona nabeba karai na moto wake."

Nikaingia, nikaamkia. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wabeba nini?"

"Sijabeba kitu."

"Nyumbani, mwanangu. Nyumbani wabeba nini?"

"Mamangu."

Akanitazama kutoka utosini hadi kwenye ndara, asiseme pole wala nini, akaniletea kopo dogo kuliko yote, lile la kuchezea watoto. Nikaona anifanyia mzaha. "Mwalimu, mamangu si kopo."

"Na wewe si winchi ya bandarini. Shika."

Kisha akanipa leso. Hii ndiyo iliyokuwa elimu yake yote. Unaikunja leso nyembamba, unaitia kwapani, unaubana mkono kwenye mbavu kuanzia bega hadi kiwiko. Halafu unainua chuma kwa mkono wa mbele peke yake, kiganja kimeelekea juu, kifundo kimenyooka, mpaka chuma kikaribie bega. Bega lenyewe halipandi. Kiwiko hakitoki mbavuni. Leso ikianguka, hukuinua kitu, hata kama chuma kimefika mbinguni.

Yangu ilianguka hapo hapo. Nikaiokota, ikaanguka tena. Dama akaguna pembeni, na mwenzetu mwingine akajifanya anakohoa.

Kosa letu lilikuwa moja, na Mwalimu alilijua kabla hatujalifanya. Sisi sote tumelelewa juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Mtoto wa kike akifika miaka saba anakalishwa pale, anainama mbele, anasukuma kwa mgongo na bega, na maisha yake yote kila kazi anaifanya hivyo hivyo. Ukimpa chuma anakiinamia, anakirusha kwa kiuno. "Hapa hukuni nazi!" Mwalimu alikuwa akipiga kelele. "Hiyo si kuinua, hiyo ni kurusha! Rudi ukutani!" Basi tunarudi ukutani, kisogo, mabega na makalio vyote vimegusa, magoti yamelegea kidogo, na hapo ndipo unapojua kwamba mkono wako ulikuwa haujafanya kazi tangu uzaliwe. Hakutushika. Alikuwa na mwiko wa pilau, na kiwiko kikitoka mbavuni alikigonga nao taratibu, kama mtu anayeonja chungu.

Lakini kuinua hakukumshughulisha sana. "Kupanda kila mtu hupanda," alisema. "Nambie washukaje." Chuma kikishafika juu tulitakiwa tukishushe kwa kadiri ya kusoma bismillahi nzima, kwa utulivu, hadi Rahim, mkono usifike chini kabla ya neno. Dama akauliza, "Na mimi Mkristo je, Mwalimu?" Mwalimu akafikiri. "Sema Baba yetu uliye mbinguni. Komea hapo. Ukiendelea utashusha mpaka Magharibi." Dama alifanya hivyo kila siku, kwa sauti, na hakuna aliyeona ajabu.

Mimi kushuka ndiko kulikoniua. Kupanda nilipanda kwa hofu tu, hofu ina nguvu. Kushuka hofu ileile ilinifanya niwahi, niutue mzigo upesi kabla haujaniponyoka. Mwiko ukanigonga. "Wakimbilia wapi?"

"Naogopa kitaanguka, Mwalimu."

"Ndiyo maana wakiangusha mwenyewe."

Nilirudi nyumbani na neno hilo, sikulala.

Sasa tatizo lake kubwa Mwalimu, na wengine walimwacha kwa ajili ya hilo, ni kwamba hakusifu. Hakumsifu mtu kabisa. Ungekaa mwaka ukitoka jasho, hakwambii umeendelea wala umerudi nyuma. Alikuwa anaogopa jicho. Alitusimulia juu ya mwanafunzi wake wa zamani, aliyesifiwa mikono yake arusini, mbele ya watu, na hakuna aliyesema mashallah. Wiki haikuisha akateleza kisimani na ndoo yake. "Jicho lamwangusha ngamia," alisema, "sembuse mkono wa mtu." Tangu hapo akaufunga mdomo. Ukivua baibui mkono wako ukaonekana umejaa, yeye alitazama kwingine.

Kwa mtu wa wasiwasi kama mimi hayo yalikuwa mateso. Idi yaja, kakangu aja, nami sijui nimefika wapi! Nikamuuliza Dama. Dama akanivuta kando, akaninong'oneza kana kwamba aniuzia dhahabu: "Sikia. Ukimaliza mzunguko, kuna maneno mawili tu. Akikwambia pumzika, bado. Akikwambia rudia, mshukuru Mungu. Rudia ndiyo sifa yake. Hapati mtu rudia ila aliyeweza."

Afadhali asingeniambia. Kuanzia hapo kila mzunguko nilimaliza nikingoja neno moja. "Pumzika," aliniambia. Kesho yake, "Pumzika." Msichana muuza chapati aliyeanza baada yangu akaambiwa rudia, akatabasamu mpaka masikioni, nami nikampongeza huku nikihesabu siku zilizobaki hadi Idi. Ramadhani ikaandama, tukawa tunaingia uani midomo imekauka. "Saumu si udhuru," alisema, ila alitupa makopo mepesi, na aliyeona kizunguzungu alimkalisha kivulini akampepea yeye mwenyewe kwa kawa. Nikatoka kwenye kopo la watoto, nikafika kwenye chuma chenyewe. Nikaambiwa pumzika na chuma mkononi.

Usidhani alikuwa mtu wa kufuata maneno yake. Alitukataza kubeba mtungi wa maji kwa mkono mmoja, mgongo umepinda. Asubuhi moja nilimkuta yeye, maji yalikuwa yamekatika mtaani, anaburuta mtungi wa lita ishirini, kapinda hivi, ndara moja mguuni na nyingine njiani. "Mwalimu!" nikasema. Akautua. "Wewe hukuona kitu," akaniambia, akaubeba tena vile vile. Alitukataza mafuta, na viazi karai vya Dama alikuwa akivila amegeukia ukuta ili tusimwone, ukwaju unamchuruzika mpaka kiwikoni.

Na kilichotuchekesha zaidi, alikuwa anaogopa feri. Bintiye aliolewa Likoni, amezaa huko, na Mwalimu alikuwa hajavuka kumwona. Wajukuu waliletwa kwake. Dama alimtania: "Mtu haogopi chuma, aogope feri?" Mwalimu hakucheka. "Chuma nakishika mimi," akasema. "Kwenye feri mimi ndiye ninayeshikwa." Hatukuelewa, tukaendelea kucheka.

Idi ikafika. Nilikuwa sijaambiwa rudia hata mara moja. Nilimwomba Mwalimu aje, angalau asimame mlangoni nimwone, akaniletea habari kwamba ana wageni. Nikamkasirikia, nisiwe muongo. Kakangu akaja na halua na nguo mpya ya mama, akaamkia, akanywa kahawa, kisha akasimama kwenye mlango wa chumba, mikono kifuani.

Nilitia leso makwapani, huku na huku. Mguu mmoja nikauweka kati ya miguu ya mamangu, magoti nikayalegeza, kifua kwa kifua, mikono nikaipitisha nyuma yake, viwiko mbavuni. Akapanda. Nikageuka naye, tukafika kwenye kiti, na hapo, kwenye kushuka, mikono ikaanza kutaka kuwahi. Nikasema bismillahi kwa sauti. Neno kwa neno, nikishuka. Na mamangu, kwa ulimi wake mzito, akaimalizia sikioni mwangu, Rahim, na makalio yake yakagusa kiti bila hata kiti kulia.

Kakangu akapangusa uso kwa kofia. "Haya," akasema. "Biriani iko wapi?" Akaenda zake sebuleni, na habari ya Malindi haikutajwa tena nyumbani kwetu.

Jioni Dama akaja kunipa mkono wa Idi, akaniambia kwamba Mwalimu hakuwa na mgeni yeyote. Alimwona kwenye uchochoro nyuma ya dirisha letu, na soksi zake, mwiko mkononi, amesimama kimya. Alipotusikia tunacheka ndani ndipo akaondoka. Kesho yake nikamwendea. "Mwalimu, kama ulijua naweza, mbona hukuniambia?"

"Nani kasema nilijua?" akasema, na akaniletea chuma kizito zaidi. Nilipomaliza akaniambia nipumzike.

Nikaendelea kwenda. Dama aliambiwa rudia, wengine waliambiwa, wengine wakahama mtaa. Mimi mpaka ua ulipofungwa sikuambiwa, na nilikuwa nimeshajizoesha, ingawa si kweli kwamba nilikuwa sijali.

Ua ulifungwa kwa sababu ya mtungi wa maji. Aliubeba vile vile, kapinda, akateleza kwenye kizingiti chake mwenyewe, akavunjika nyonga. Alipotoka hospitali bintiye akampeleka Likoni, na waliomwona wanasema alivuka ndani ya teksi, amefumba macho, ameshika mlango kwa mikono miwili. Kila siku nilisema nitakwenda kumtazama. Kila siku nikapata sababu. Mamangu ataachwa na nani? Na nikimkuta vipi? Mwisho mamangu ndiye aliyenifukuza. "Nenda," akasema. "Kabla hujaambiwa hayupo tena."

Nikamwacha na Dama, nikavuka na mahamri kwenye mfuko. Nyumba ya bintiye iko nyuma ya soko, tuktuk zapita mlangoni hadi vikombe vinatikisika. Binti alinipokea amejishika kiuno. "Karibu dadangu. Yuko ndani, lakini hatoki. Nikimnyanyua apiga kelele, na mimi mgongo wanikataa. Tangu Ijumaa hajakaa kitini. Daktari asema akilala hivi ndivyo atakavyokwisha."

Alikuwa amegeukia ukuta. Kitanda kilikuwa kikubwa, au yeye ndiye aliyekuwa amepungua.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Hakugeuka. "Mamako umemwacha na nani?"

"Na Dama."

"Dama mgongo wake wenda mbele. Hukumwambia?"

Nikacheka, na machozi yakawa karibu. Nikakaa kitako kitandani, nikamweleza habari za mtaa, nani kaolewa, nani kahamia. Akanisikiliza. Kisha nikasema, "Mwalimu, nikuweke kitini upate upepo wa mlangoni?"

"Sitaki."

"Waogopa?"

"Chuma nilikuwa nakishika mimi," akasema.

Wallahi nilitaka kuondoka. Nyonga ile nikiigonga, je? Akinitoka mikononi, je? Bintiye alikuwa mlangoni, mikono kifuani, kama kakangu siku ile. Nikafungua mfuko, nikatoa leso niliyofunikia mahamri, nikaomba ya pili, nikazikunja nyembamba, nikatia kwapani. Mwalimu akageuza kichwa akanitazama.

"Ya kushoto iko juu," akasema.

Nikaiteremsha. Nikamkalisha ukingoni taratibu, mguu wangu kati ya yake, magoti yamelegea, kifua kwa kifua. Nilijiandaa kwa uzito wa mamangu, na alipopanda nikashtuka, maana hakukuwa na uzito. Dera tu na mifupa. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Vidole vyake vikaingia shingoni mwangu.

"Usiniwate," akasema sikioni.

"Sikuwati, Mwalimu. Sikuachi."

Nikageuka naye. Nikasema bismillahi, naye hakuisema pamoja nami, alikuwa ameshika pumzi, amefumba macho. Nikashuka neno kwa neno, na nilipofika Rahim alikuwa kitini, mgongo umenyooka, upepo wa mlangoni wampepea ushungi. Nikabaki nimeinama, sijathubutu kumwachilia. Akafumbua macho. Akanyoosha mkono, akashika ncha ya leso iliyotokeza kwapani mwangu, akaivuta. Haikutoka. Akaivuta tena.

Kisha akaitazama mikono yangu, kwa muda mrefu, na safari hii hakutazama kwingine.

"Rudia," akasema.

"Lakini mama," bintiye akasema, "si umeshakaa? Wataka kurudi kitandani?"

"Sikusema na wewe. Nimesema arudie."

Nikabana leso, nikamwinua tena.